Pima Sitini za Ufito wa Babu

Ukurasa wa daftari la babu mzaa mama ambao ukoo wetu uliuhitaji una mistari minne tu, iliyoandikwa kwa penseli na kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika wazee wengi wa pwani yetu waliosoma chuo cha Kurani. Wa kwanza unasema: shamba la juu, pima 60 kwa pima 45. Wa pili: kisima, pima 7 na mkono 1. Wa tatu: chumba cha mbele, mikono 7 kwa 6. Wa nne: kutoka kisimani hadi msikitini, hatua 212. Hakuna mita wala futi mahali popote. Shamba lenyewe liko nyuma ya ghuba ya Mikindani, pale ardhi inapoanza kupanda, na lina mikorosho ambayo mama yangu na ndugu zake walitaka kugawana kwa amani kabla ya kuomba hati za hakimiliki za kimila zinazotolewa kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Niliombwa nivigeuze vipimo vya babu viwe mita, kwa kuwa mimi ndiye ninayefundisha hesabu katika familia, na nilidhani kazi hiyo ingenichukua nusu saa. Ilinichukua wiki mbili. Naandika hapa yale niliyoyapata, kwa sababu naamini kuwa Mtwara na Lindi ziko nyumba nyingi zenye daftari kama hilo, na kosa nililolifanya mimi ni jepesi mno kulifanya.

Nianze na vipimo vyenyewe, maana vijana wengi ninaowafundisha wanavijua majina tu. Kidogo kuliko vyote ni wanda, yaani upana wa kidole kimoja, na wingi wake ni nyanda. Kuna futuri, ambayo ni nafasi kati ya ncha ya gumba na ncha ya kidole cha shahada vinapotanuliwa, na kuna shibiri, ambayo hutoka gumba hadi kidole cha mwisho. Mkono, ambao wengine huuita dhiraa, hutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Huo ndio mkono kamili, kwa sababu uko pia mkono konde, ambao huishia kwenye vifundo vya ngumi iliyofumbwa na kwa hiyo huwa mfupi kwa karibu nusu shibiri. Wari hutoka katikati ya kifua hadi ncha za vidole vya mkono ulionyooshwa pembeni. Pima ni mikono yote miwili ikiwa imenyooshwa, ncha hadi ncha, na ndicho kipimo ambacho lugha yetu imekipa jina la tendo lenyewe la kupima.

Uzuri wa mfuatano huu ni kwamba shibiri mbili ni mkono mmoja, mikono miwili ni wari moja, na wari mbili ni pima moja. Kila kipimo ni maradufu ya kile kilichokitangulia. Chukua kamba ya pima moja uikunje mara moja, utapata wari. Ikunje tena, utapata mkono. Ikunje mara ya tatu, umeshika shibiri mkononi. Mtu hahitaji kujua kusoma wala kuandika ili agawanye kamba ya mshipi au kitambaa kwa usahihi, kwa sababu hesabu yote imo katika mikunjo. Biashara ya nguo ya misafara katika karne ya 19 iliendeshwa kwa hesabu hiyo hiyo: shuka ilikuwa mikono minne, na doti ilikuwa shuka mbili, yaani mikono minane. Shuka, basi, ilikuwa pima moja ya kitambaa, na doti pima mbili. Leo tukisema doti tunamaanisha vipande viwili vya kanga ambavyo havijakatwa, na urefu wake unategemea kiwanda kilichovitengeneza, lakini ule uwili umebaki ndani ya neno.

Sasa huu ndio mwanzo wa ugumu. Uhusiano wa ndani, kwamba pima ni mikono minne na mkono ni shibiri mbili, haubadiliki, awe anayepima ni mrefu au mfupi. Kinachobadilika ni uhusiano wa nje, yaani pale tunapotaka kutoka kwenye mwili wa mtu kwenda kwenye mita. Wafanyabiashara na watawala wa Kiingereza waliona kuwa wari inakaribiana na yadi yao, wakazilinganisha moja kwa moja. Kwa hiyo mkono ukawa inchi 18, shibiri inchi 9, na pima futi 6. Kamusi ziliandikwa hivyo, na tangu makubaliano ya kimataifa ya mwaka 1959 yalipoiweka yadi kuwa mita 0.9144 kamili, kila anayetaka kubadilisha anaweza kupata tarakimu nyingi baada ya nukta: pima ni mita 1.8288, mkono ni sentimita 45.72, shibiri ni sentimita 22.86. Tarakimu hizo ni sahihi kwa yadi. Kwa mkono wa babu yangu hazikuwa na uhusiano wowote.

Huku kwetu kusini mita imeingia mara mbili, jambo ambalo huchanganya zaidi nyaraka za zamani. Ujerumani ilikuwa imekwisha kuanza kutumia mita rasmi mwaka 1872, kabla haijaja kututawala, kwa hiyo maofisa waliojenga Boma la Mikindani mwaka 1895 walikuwa watu wa mita. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia wakaja Waingereza na futi, yadi na maili zao, kisha baada ya uhuru tukairudia mita. Mafundi wetu bado wanaishi katika tabaka zote hizo kwa pamoja: nondo ni ya milimita 12, bomba ni la nusu inchi, mbao ni mbili kwa nne ya futi 12, bati ni la futi 10, na chumba kinatajwa kwa mita. Ninawaheshimu sana kwa hilo. Fundi mzuri hubadilisha kichwani bila kukosea, kwa sababu kifaa cha kumsahihisha, yaani ile mbao au lile bati, kipo mbele yake.

Mimi sikuwa na kitu cha kunisahihisha, au nilidhani sina. Nilichukua pima kuwa mita 1.83 na kuzidisha. Upande mrefu wa shamba ukawa mita 109.8, upande mfupi mita 82.35, na eneo likawa mita za mraba 9,042, ambazo ni ekari 2 na karibu robo. Nilichora mchoro safi kwa rula, nikaupeleka kijijini siku ya Jumamosi, na tukaenda shambani na tepu ya mita 50 pamoja na mjomba wangu na bibi jirani ambaye shamba lake linapakana na letu upande wa mashariki. Tulianzia kwenye mnazi wa pembe ya kusini, ambao kila mtu anakubali kuwa ndio mpaka. Tepu ilipofika mwisho wa mita zangu, tulikuwa tumeupita mwembe mkubwa na kuingia kwa hatua kadhaa katika shamba la jirani.

Bibi hakupandisha sauti. Aliuwekea mkono ule mwembe, akaniambia, "Mjukuu wangu, mwembe huu aliupanda marehemu mume wangu, na babu yako alikuwa amesimama hapo ulipo wewe, akimpa maji. Huu ndio mpaka. Sasa karatasi yako inasema uko ndani ya shamba lenu?"

Sikuwa na jibu. Nilihisi aibu nzito, kwa kuwa mama huyo amekuwa jirani mwema kwa miaka yote ninayoikumbuka, na karatasi niliyokuwa nimeishika ilikuwa imemfanya aonekane mvamizi katika ardhi yake mwenyewe. Mjomba aliichukua karatasi, akaiangalia kwa muda, akauliza, "Pima sitini sawa, ni sitini. Lakini umezipima kwa mikono ya nani?"

Mjomba ni mvuvi. Kwake pima ni kazi ya kila siku: anapotupa mshipi huhesabu pima kwa kunyoosha mikono, na anapokwambia kuwa mahali fulani ghubani maji ni ya pima tano, anamaanisha pima zake. Alinikumbusha jambo ambalo nililijua lakini sikulifikiria, kwamba urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa hukaribiana sana na kimo cha mtu. Pima ya futi 6 ni pima ya mtu mwenye kimo cha futi 6. Babu, alisema, alikuwa mtu mfupi, mwenye mabega mapana, na hakuwa na mkono wa kuifikia pima hiyo hata angejinyoosha vipi.

Kisha tulirudi kwenye nyumba ya babu, akaingia ndani, akapanda juu ya kinu kilichopinduliwa, na kutoka kwenye pembe ya paa, juu ya ukuta, akateremsha ufito wa mkoko uliokuwa mweusi kwa moshi. Ufito huo una ncha mbili zilizokatwa sawa na alama tatu zilizochongwa kwa kisu, ya katikati ikiwa ndefu kidogo kuliko za pembeni. Wenye nyumba walikuwa wakiuona miaka yote na kuudhania kuwa ni wa kuangulia maembe. Niliulaza sakafuni na kunyoosha tepu kando yake: sentimita 168 kutoka ncha hadi ncha, na kutoka alama hadi alama sentimita 42. Ilikuwa pima moja, imegawanywa wari mbili na mikono minne. Babu hakuwa akipima mashamba kwa kunyoosha mikono mara sitini, jambo ambalo lingemchosha na kumkosesha. Alikuwa ameuhamisha mwili wake kwenye mti mara moja, kisha akaulaza mti huo ardhini mara sitini.

Tulirudi shambani jioni ile ile. Pima 60 za ufito ni mita 100.8, na pima 45 ni mita 75.6. Kwa kuwa ardhi inapanda, tulishika tepu ikiwa imelala sawa hewani, vipande vifupi vifupi, badala ya kuiburuta juu ya mteremko. Kutoka mnazi hadi mwembe tulipata mita 101, zikipungua kidogo. Upande wa pili tulipata mita 75 na nusu. Eneo la shamba ni mita za mraba 7,620, yaani ekari 1.88, na si ekari 2 na karibu robo. Tofauti ya sentimita 15 katika pima moja ilikuwa imezaa mita za mraba 1,420 za uongo, na katika shamba ambalo mikorosho imepandwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, hiyo ni mikorosho kumi hivi. Mikorosho kumi ya bibi wa watu.

Naomba msomaji aitazame hesabu hiyo vizuri, kwa kuwa ndipo hatari ilipo. Pima niliyoitumia ilikuwa ndefu kuliko ya babu kwa asilimia 9 tu. Kwa kamba ya kisima, asilimia 9 ni jambo la kuvumilika. Lakini eneo ni urefu mara upana, na kosa huingia mara mbili, hivyo asilimia 9 ikawa karibu asilimia 19. Kwa vitu vyenye urefu, upana na kina, kosa huingia mara tatu, na mfano wake nitaueleza punde.

Baada ya kuupata ufito nilidhani sasa ninao ufunguo wa ukurasa mzima. Mstari wa pili ulikubali mara moja. Pima 7 na mkono 1 kwa kipimo cha ufito ni mita 12.18, tulifunga jiwe kwenye kamba, tukalishusha kisimani hadi lilipogusa chini, tukaipima kamba ikiwa bado mbichi, tukapata mita 12 na ushei. Kisima kile kimechimbwa katika jiwe la matumbawe, hakijaporomoka, na wenyewe hukisafisha kila mwaka kabla ya masika.

Mstari wa tatu ulikataa. Chumba cha mbele, mikono 7 kwa 6, kingepaswa kuwa mita 2.94 kwa mita 2.52 kama mkono ungekuwa ule wa sentimita 42. Nyumba bado imesimama, kuta zake za mawe na chokaa hazijaguswa isipokuwa kwa rangi, na tulipokipima chumba tulipata mita 3.24 kwa 2.78. Nilirudia mara tatu. Hatimaye niligawanya kinyume: 3.24 kwa 7 ni sentimita 46.3, na 2.78 kwa 6 ni sentimita 46.3 vilevile. Kwa hiyo mkono uliokipima chumba ulikuwa mmoja na thabiti, ila haukuwa wa babu. Mjomba alipoona namba hizo alitabasamu. Nyumba, alisema, ilijengwa na fundi kutoka Lindi, mtu mrefu. Fundi alipima kwa mkono wake, akamtajia mwenye nyumba, na mwenye nyumba akaandika alichotajiwa. Katika ukurasa mmoja, kwa mwandiko mmoja, neno mkono lilikuwa na maana mbili.

Kuhusu upana wa vyumba, niseme jambo dogo pembeni, kwa kuwa linahusu mkoa jirani. Aliyewahi kutembea kati ya magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, ambayo UNESCO iliyaweka katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, atakuwa ameona jinsi vyumba vilivyo virefu na vyembamba. Upana wa chumba uliwekwa na boriti. Boriti ya mkoko ina kikomo chake cha kubeba dari la mawe na chokaa, na chumba hakikuweza kupanuliwa zaidi ya pale boriti inapofika. Kwa hiyo kabla ya mkono wa fundi kulikuwa na kipimo kingine, kilichotoka mikokoni, na mikono ilihesabiwa tu ndani ya nafasi ambayo mti uliiruhusu. Chumba cha babu kina mita 2.78 kwa sababu hiyo hiyo, na boriti zake bado ziko juu, nyeusi na nyoofu.

Turudi kwenye kosa linaloingia mara tatu. Katika msikiti uliotajwa kwenye mstari wa nne palikuwa na birika la kutawadhia, na wazee wa pale, ambao kama sehemu kubwa ya pwani yetu wanafuata madhehebu ya Shafi, hulieleza kwa kipimo cha kulla mbili. Maji yaliyosimama yakifika kiasi hicho hayanajisiki kwa kuguswa na najisi tu, maadamu hayajabadilika rangi, ladha wala harufu. Vitabu vya fiqhi, yaani sheria za dini, vinakieleza kiasi hicho kwa chombo cha mraba chenye dhiraa moja na robo kwa urefu, kwa upana na kwa kina. Sasa angalia. Ukichukua dhiraa ya sentimita 48, kila upande unakuwa sentimita 60, na ujazo unakuwa lita 216, ambayo ndiyo namba inayotajwa mara nyingi katika maelezo ya siku hizi. Ukichukua dhiraa ya yadi, yaani sentimita 45.72, unapata lita 187. Ukichukua mkono wa babu yangu, lita 145 tu. Hakuna aliyekosea kuzidisha. Tofauti yote imetoka katika sentimita sita za mkono. Wanazuoni walilijua hilo, ndiyo maana walisema dhiraa inayokusudiwa ni ya mtu wa wastani wa umbo, si ya yeyote anayefika na mkono wake. Naliona hilo kuwa jibu la busara sana, kwa sababu linataja mwenye mkono kabla ya kutaja idadi.

Kipimo ambacho kinaleta madhara makubwa zaidi leo katika vijiji vyetu, hata hivyo, si pima wala dhiraa. Ni hatua. Mtu akiuza shamba la ekari moja atasema ni sabini kwa sabini, na akiuza kiwanja atasema ni ishirini kwa ishirini, na mara nyingi hataji sabini ya nini. Ekari ni kipimo cha Waingereza chenye yadi za mraba 4,840, na mraba wenye eneo hilo una upande wa yadi 69.6 hivi. Hapo ndipo namba ya 70 inapokaa vizuri: ni yadi 70, ambazo ni mita 64. Mita 70 kwa 70 si ekari moja bali ekari moja na zaidi ya moja ya tano, kwa kuwa ni mita za mraba 4,900 dhidi ya 4,047. Na hatua 70 kwa 70 ni chini ya ekari kwa karibu kila mtu, kwa sababu hatua ya kawaida ya mtu mzima anayetembea haifiki yadi. Ikiwa hatua ni ya sentimita 80, upande ni mita 56 na eneo ni mita za mraba 3,136, ambazo ni robo tatu ya ekari na kidogo. Kwa mikorosho ya mita 12 kwa 12, ekari kamili hubeba miche 28, na ile ya hatua hubeba 21 au 22. Mnunuzi aliyelipa bei ya ekari amelipia miche sita ambayo hatapata mahali pa kuipanda.

Nimeshuhudia mauzo ambayo muuzaji alipiga hatua zake mwenyewe, na mnunuzi akiwa nyuma yake anahesabu tu, akiamini kuwa anasimamia haki yake. Sidai kuwa wauzaji wote wana nia mbaya. Wengi wamerithi namba ya sabini bila kurithi kitu kilichokuwa kinahesabiwa. Lakini kwa kiwanja cha hatua ishirini kwa ishirini tofauti ni kubwa zaidi machoni: anayefikiria mita anaona mita za mraba 400, na anayepiga hatua za sentimita 75 anakabidhi mita za mraba 225. Hati ya mauziano ikiandika "ishirini kwa ishirini" bila neno linalofuata, sioni jinsi mwenyekiti wa kijiji au hakimu atakavyoweza kujua walikubaliana nini. Ni heri wakubaliane juu ya kamba moja, waikate mbele ya mashahidi, na waandike urefu wake kwa sentimita katika hati.

Na hiyo ndiyo njia ninayoipendekeza kwa mwenye daftari la zamani. Usianze na kamusi, wala na jedwali la kwenye simu. Anza na kitu ambacho daftari limekitaja na ambacho bado kipo: kisima, ukuta, nguzo, umbali kati ya miti miwili ambayo hakuna anayeibishia. Kipime kwa tepu, gawanya kwa idadi iliyoandikwa, na utapata kipimo cha mwenye daftari. Kisha tafuta kitu cha pili ukijaribu, kwa sababu cha kwanza huenda kilipimwa na mtu mwingine, kama chumba chetu. Ukiwa na vitu viwili vinavyokubaliana unaweza kuendelea na vile ambavyo havipo tena. Katika mchoro mpya tulioupeleka kwa bibi jirani, niliandika hivi kando ya upande mrefu: pima 60, kila moja sentimita 168, mita 100.8. Alinitaka nimsomee mara mbili, kisha akaweka dole gumba lake chini ya mchoro kwa wino, na mama yangu na ndugu zake wakatia saini.

Mstari wa nne haukuhitajika kwa mgawanyo wa shamba, na kwa hiyo niliuacha hadi siku ya mwisho. Msikiti umeezekwa bati sasa na birika limekuwa safu ya mabomba, lakini mlango uko palepale, na njia ya kutoka kisimani bado inauzunguka mbuyu upande wa kushoto. Tuliifuata njia hiyo kwa tepu, mimi na mjomba, tukipima kipande kwa kipande kwenye mkunjo wa mbuyu. Jumla ilikuwa mita 148 na sentimita 40. Niligawanya kwa 212. Hatua ya babu ilikuwa sentimita 70, na nimeiandika namba hiyo kwa penseli pembeni mwa mstari wake. Mjomba hakuridhika na kugawanya. Alirudi kisimani, akavua kandambili, akaanza kutembea akihesabu kwa sauti, na mguu wake ulipogusa kizingiti cha msikiti alikuwa amefika 219.